Rimoti Isiyofika Mwisho wa Meza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Treni za Mfano

Ukurasa huu ni wa wajenzi wa treni za mfano wa Mbeya, Iringa, Njombe na wilaya za jirani ambao meza zao zimekua hadi kujaza gereji au ukumbi mzima, na ambao sasa wanaona rimoti iliyokuwa ikitii vizuri mezani pa sebuleni imeanza kuwa kaidi. Majibu mengi yanahusu mfumo wa kidijitali wa DCC, unaopeleka amri kwa kila treni kupitia reli zenyewe, uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kufanywa kanuni ya pamoja na NMRA, chama cha wajenzi wa reli za mfano cha Marekani, katika miaka ya 1990. Treni za bustani zinazoendeshwa kwa betri zina jibu lake karibu na mwisho.

Treni yangu haitii rimoti ikiwa mbali. Je, nianze kwa kununua antena kubwa zaidi?

Hapana, na fedha nyingi hupotea hapo. Katika mfumo wa DCC rimoti haizungumzi na treni. Amri husafiri kwa hewa kutoka mkononi hadi kwenye kituo cha kuongozea, yaani kisanduku kinachopokea amri na kuzituma kwenye reli, kisha hupita katika nyaya za chini ya meza hadi kwenye reli, na mwisho huingia katika kichwa cha treni kupitia magurudumu na kufika kwenye dikoda, kifaa kidogo cha ndani kinachotafsiri amri. Antena inahusika na hatua ya kwanza tu. Ikiwa amri inapotea katika hatua ya pili au ya tatu, antena ya bei yoyote ile haitabadilisha kitu.

Dalili zenyewe hutofautiana, na mtu akizizoea hahitaji kifaa cha kupimia. Kituo cha kuongozea hurudia amri ya mwisho kiliyoipokea bila kuchoka, kwa hiyo mawimbi ya hewani yakikatika treni huendelea na mwendo uleule iliyokuwa nao. Unapunguza kasi, nayo haipungui. Unaiamuru isimame, nayo inapita kituo. Reli zikiwa chafu au nyaya zikiwa dhaifu, treni hufanya kinyume: husita, taa zake hupepesa, au husimama kabisa bila kuamriwa. Kwa ufupi, treni inayokataa kusimama ina tatizo la hewani, na treni inayosimama yenyewe ina tatizo la chini ya magurudumu. Mifumo inayotumia simu hutofautiana kidogo, kama itakavyoelezwa.

Nitathibitishaje kabla ya kuanza kubomoa?

Weka kichwa cha treni juu ya kipande kifupi cha reli safi, kilichounganishwa moja kwa moja na kituo cha kuongozea kwa nyaya zisizozidi mita moja, na ukitenganishe kabisa na meza. Usiiendeshe treni. Tembea na rimoti hadi kila pembe ya chumba, na katika kila mahali uwashe na kuzima taa ya mbele ya kichwa hicho huku mwenzako akikuambia kama imewaka. Taa ni kipimo bora kuliko mwendo, kwa kuwa haichanganywi na hitilafu za mota, gia au mteremko. Mahali ambapo taa haikutii, bandika kipande cha karatasi ukutani. Ukimaliza utakuwa na ramani ya mawimbi ya chumba chako, na mara nyingi ramani hiyo huonyesha kwamba sehemu mbovu hazifuati umbali hata kidogo.

Ikiwa taa imetii kila mahali, achana na masuala ya redio na uende moja kwa moja kwenye swali la nyaya. Kabla ya hayo yote, badilisha betri za rimoti. Betri iliyochoka bado huweza kuwasha kioo cha rimoti huku ikishindwa kusukuma mawimbi kwa nguvu inayotakiwa, na betri za kawaida hulegea zaidi katika baridi ya usiku wa Juni na Julai kwenye gereji isiyo na dari.

Nimejenga mfano wa kipande cha TAZARA kati ya Mlimba na Makambako, chenye mahandaki mengi. Je, milima inazuia mawimbi?

Kipande hicho ndicho kinachovutia wajenzi wengi wa huku, na inaeleweka kwa nini: katika kilomita 1,860 za reli kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, hapo ndipo njia inapopanda nyanda za juu kwa mahandaki na madaraja. Jibu linategemea jinsi treni inavyopata amri.

Kwa DCC handaki si kikwazo, kwa sababu amri inaingia humo kwa reli na si kwa hewa. Treni ikikwama ndani ya handaki, sababu karibu kila mara ni kwamba reli za humo hazifikiwi kwa urahisi na hazijasafishwa tangu mlima ulipofunikwa. Jenga mlima wenye mlango wa kuingiza mkono, hata kama utaharibu mandhari kidogo kwa upande wa nyuma.

Kwa treni yenye kipokezi cha redio ndani yake mambo ni tofauti, na hapa kosa la kawaida ni wavu wa banda la kuku. Wajenzi wengi huutandaza kama mifupa ya mlima kisha huufunika kwa plasta. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa takribani sentimita 12.5, wavu wenye matundu ya sentimita mbili na nusu huyaona mawimbi hayo kama ukuta, na mlima unageuka kuwa sanduku la chuma. Mawimbi ya megahezi 433, yenye urefu wa sentimita 69 hivi, hupata shida kubwa zaidi kupenya matundu hayo. Tumia maboksi yaliyokatwa vipande na kusukwa, au stairofomu ya kufungashia vifaa, kisha tandaza vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta. Mlima wa namna hiyo ni mwepesi, na redio hupita kama hapana kitu.

Kituo cha kuongozea kiwekwe wapi?

Kiwekwe juu, katikati, na mbali na chuma. Wengi hukificha chini ya meza ili kisionekane, na fremu nyingi za meza zinazotengenezwa na mafundi wetu wa kuchomelea ni za bomba la mraba la chuma. Kifaa kinachokaa katikati ya fremu hiyo, chini ya reli na nyaya mamia, kimezikwa kikiwa hai. Ikiwa kituo chenyewe hakiwezi kuhama, hamisha kipokezi chake cha redio, kwa kuwa mifumo mingi huwa na kipokezi kinachojitegemea na kinachounganishwa kwa kebo. Kitundike ukutani kwa urefu wa mita mbili hivi, juu ya vichwa vya watu. Mwili wa binadamu una maji mengi na hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4, na siku ya wageni, ukumbi ukijaa, rimoti iliyofanya kazi vizuri asubuhi huanza kusumbua bila kitu chochote kuharibika.

Paa la mabati lisilo na dari huongeza jambo jingine. Bati hurudisha mawimbi, na mawimbi yaliyorudi hukutana na yale yaliyokuja moja kwa moja, mahali pengine yakiongezana na mahali pengine yakiuana. Ndiyo maana unaweza kusimama mita tatu tu kutoka kwenye kituo na rimoti ikakataa, kisha ukasogea nusu hatua ikakubali. Sehemu hizo mfu huwa na upana wa sentimita chache. Dawa ya bei nafuu ni kusogeza kipokezi kidogo kidogo, sentimita kumi kumi, na kurudia jaribio la taa. Katika chumba kikubwa, dawa ya kudumu ni kipokezi cha pili upande wa pili wa ukumbi.

Je, kifaa cha kurudia mawimbi kiwekwe pale ambapo mawimbi hayafiki?

Kikiwekwa hapo hakitakuwa na cha kurudia. Kiwekwe njiani, mahali ambapo mawimbi bado ni mazuri, ili kiyachukue na kuyasukuma mbele. Hata hivyo kipokezi cha ziada kilichounganishwa kwa kebo ni bora kila mara kuliko kirudiaji cha hewani.

Antena ielekezwe vipi, na je, naweza kuirefusha kwa waya?

Antena ya fimbo hutoa mawimbi kwa ubavu wake na hutoa kidogo sana kwa ncha yake. Anayeelekeza ncha ya antena kwenye kituo, kama anayeonyesha kwa kidole, anachagua upande dhaifu kuliko zote. Antena ya kipokezi isimame wima, na ya rimoti iwe wima pia kadiri mkono unavyoruhusu, kwa sababu antena mbili zilizokaa sambamba husikilizana vizuri kuliko zilizopishana kwa pembe mraba.

Kuhusu kurefusha, urefu wa antena umekadiriwa kwa urefu wa wimbi, na kuongeza waya kiholela kwa kawaida hupunguza nguvu badala ya kuiongeza. Robo ya wimbi, ambacho ndicho kipimo cha antena nyingi rahisi, ni milimita 31 hivi kwa gigahezi 2.4 na sentimita 17.3 hivi kwa megahezi 433. Ukikuta kifaa cha megahezi 433 kilichouzwa na kiwaya cha sentimita tano, kukibadilisha na waya ulionyooka wa sentimita 17.3 ni kazi ya dakika kumi yenye faida ya kweli.

Ninatumia simu badala ya rimoti, nayo hukatika katikati ya mchezo. Tatizo ni mawimbi?

Wakati mwingine ndiyo, lakini mara nyingi ni tabia ya simu yenyewe. Programu kama Engine Driver kwa simu za Android hutumia Wi-Fi ya ruta iliyounganishwa na kompyuta yenye programu ya JMRI au na kituo cha kuongozea chenyewe. Ruta hiyo kwa kawaida haina intaneti, na simu nyingi zikigundua hivyo huiacha kimyakimya na kurudi kwenye data ya mtandao wa simu. Zima data kabla ya kuanza, na simu ikiuliza kama ibaki kwenye mtandao usio na intaneti, ikubalie. Ondoa pia programu hiyo kwenye orodha ya zile zinazozimwa ili kuokoa betri.

Hapa dalili niliyoieleza mwanzoni hugeuka. JMRI inaweza kupangwa iisikilize simu kila baada ya sekunde kadhaa na kuisimamisha treni isipopata jibu. Kwa hiyo treni inayoongozwa kwa simu inaweza kusimama kwa sababu ya hewa. Ni ulinzi mzuri na haifai kuuzima, lakini mtu asipoujua anaweza kusafisha reli wiki nzima bila mafanikio.

Upande wa ruta, katika gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Tazama kwa programu yoyote ya kuonyesha Wi-Fi ni ipi majirani hawajaijaza, uichague hiyo badala ya kuiachia ruta ijichagulie. Mtandao wa treni uwe wa treni pekee. Watoto wakipakua video kwenye ruta hiyohiyo, amri zako zitasubiri foleni.

Mawimbi yangu ni mazuri mchana lakini umeme ukikatika na inveta ikiwaka mambo huharibika. Kwa nini?

Inveta za bei ya chini hutoa umeme wa ngazi-ngazi wenye kelele nyingi, na kelele hiyo hupita kwenye nyaya na hata hewani. Chaja za simu zisizo na ubora na baadhi ya taa za LED hufanya vivyo hivyo. Jaribu kuendesha kituo kwa betri yenyewe, ikiwa kifaa kinakubali umeme wa moja kwa moja wa volti hizo, huku vingine vyote vimezimwa; kisha washa kimoja kimoja mpaka mkosaji ajulikane.

Jaribio la taa limefaulu kila mahali, lakini treni bado zinasita mwisho wa meza. Nyaya zikoje?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na katika meza kubwa ndiko majibu mengi yaliko.

Katika DCC umeme na amri ni kitu kimoja. Volti za reli hugeuzwa upande maelfu ya mara kwa sekunde, na muda wa kila mgeuko ndio unaobeba maana: alama ya moja hujengwa kwa nusu mbili za mikrosekunde 58 kila moja, na alama ya sifuri kwa nusu za mikrosekunde 100 au zaidi. Dikoda hupima muda huo. Nyaya zikiwa nyembamba au ndefu mno, volti hushuka na kingo za mgeuko hulegea, na dikoda huanza kusoma vibaya hata kama mota bado ina nguvu za kuzunguka.

Fanya hesabu ya meza yenye urefu wa mita 20. Umeme huenda na kurudi, hivyo waya ni mita 40. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, ampea 5 zitapoteza karibu volti 2.4 njiani; kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi, zitapotea volti 1.5 hivi. Kati ya volti 14 au 15 za meza ya HO (treni za kipimo cha 1:87), tofauti hiyo si ndogo. Tumia 2.5 kwa njia kuu, yaani jozi ya nyaya zinazopita chini ya meza nzima, na chunguza unachonunua: madukani kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba ambazo kwa rangi hazitofautiki. Kwangua ncha kwa kisu. Ikitokea rangi ya fedha ndani, rudisha.

Reli yenyewe isitegemewe kusafirisha umeme kwa mbali, wala viunganishi vya kuchomeka vinavyoshika kipande na kipande. Mbao za paini za Mufindi tunazojengea wengi wetu hufika zikiwa bado na unyevu, na meza hutanuka masika na kunywea kiangazi, viunganishi vikilegea kila mwaka kidogo. Teremsha jozi ya nyaya fupi kutoka kwenye reli hadi njia kuu kila baada ya mita mbili, au, kwa mwenye subira, kutoka kila kipande cha reli, na uzilehemu pande zote mbili. Nyaya mbili za njia kuu zisokotwe pamoja, mizunguko kumi hivi kwa kila mita, ili kupunguza miruko ya volti. Njia kuu ikizidi mita kumi, mwisho wake unganisha rezista ya ohm 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1, zikiwa zimefuatana, kati ya waya na waya. Rezista iwe ya wati 2 kwa sababu hupata joto.

Kazi ikikamilika, pitia meza yote na sarafu. Ilaze juu ya reli zote mbili kila mahali penye kipande kipya: kituo au busta (kifaa kinachoongeza umeme wa reli) lazima ikate umeme papo hapo. Isipokata, upinzani wa nyaya za hapo ni mkubwa mno, na siku treni itakapotoka relini na kuunganisha reli mbili, umeme utaendelea kupita na plastiki itayeyuka. Usijali sana namba za multimita ya kawaida, ambayo imetengenezwa kwa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde na hukosea kwenye DCC. Itumie kulinganisha mahali na mahali tu.

Ninahitaji busta ngapi?

Hesabu treni zinazotembea kwa pamoja na umeme zinaoula, si mita za reli. Ukigawa meza katika maeneo, kata reli zote mbili mpakani, hakikisha kila busta inafuata upande uleule wa nyaya, na ufuate maelekezo ya mtengenezaji kuhusu waya wa pamoja kati ya busta na busta. Kichwa cha treni kinachokufa sekunde moja kila kinapovuka mpaka kinakueleza kwamba nyaya za eneo moja zimegeuzwa.

Je, ukungu na baridi ya huku vinadhoofisha mawimbi?

Ukungu haudhuru redio kwa umbali wa chumba au bustani, hata ule wa Tukuyu. Unachofanya ni kulowesha reli, na vumbi la Septemba lililotulia juu yake likageuka utando. Safisha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya isopropili, ukiwa umezima umeme na kufungua madirisha. Tina ya kuchanganyia rangi huyeyusha mataruma ya plastiki. Msasa huacha mikwaruzo inayohifadhi uchafu kuliko mwanzo, na sielewi kwa nini bado unapendekezwa.

Kapasita ya akiba ndani ya kichwa cha treni husaidia kuvuka doa chafu. Kumbuka tu kwamba wakati treni inatembea kwa akiba haipokei amri yoyote, hivyo haiondoi haja ya kusafisha.

Treni zangu ni za bustani, zina betri na kipokezi ndani. Nifanye nini?

Hapa antena ndiyo kila kitu. Vichwa vingi vya treni za bustani vina chuma kizito ndani, na kipokezi kilicholazwa chini yake husikia kidogo. Pandisha antena hadi chini ya paa la plastiki au karibu na dirisha, ikae wima ikiwezekana, mbali na mota na betri. Majani yaliyolowa hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4, kwa hiyo ua la michongoma lililopitika vizuri kiangazi linaweza kukata mawasiliano Machi. Panga kipokezi kisimamishe treni mawasiliano yakikatika, hasa kama njia inapita karibu na bwawa.

Ndugu yangu wa Marekani anataka kuniletea seti yenye rimoti. Nimwambie nini?

Mwulize kwanza masafa. Baadhi ya rimoti za kule hutumia megahezi 902 hadi 928, kipande kilichotengwa kwa matumizi hayo katika bara la Amerika. Kwetu sehemu ya kipande hicho inaangukia kwenye masafa ya simu za mkononi, hivyo rimoti inaweza kusumbua na kusumbuliwa, na masafa nchini yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ulizia kwao kabla mzigo haujafungwa. Vifaa vya gigahezi 2.4 hutumika duniani kote na ni salama zaidi kuagiza.

Pili, kifaa cha volti 120 kisichomekwe kwenye volti 230 bila transfoma ya kushusha. Tatu, kama ni mfumo wa Lionel wa TMCC, ujue kwamba kituo chake hutuma mawimbi ya kilohezi 455 kikitumia reli ya nje kwa upande mmoja na waya wa ardhi wa nyumba kwa upande mwingine. Adapta nyingi za plagi za Marekani zinazouzwa mjini hazina pini ya ardhi inayofanya kazi, na mfumo huo ukikosa ardhi hudhoofika hata treni ikiwa mbele ya macho yako. Badilisha adapta kwanza, na hakikisha fundi umeme anaipima ardhi ya soketi hiyo.

Ikiwa rimoti ya megahezi 900 imekwisha kufika, si lazima itupwe. Nyingi zina tundu la kebo, na zikichomekwa kwenye matundu yaliyopangwa kuzunguka meza huongoza treni bila kutumia redio. Weka tundu kila baada ya mita tatu au nne. DCC inakumbuka amri ya mwisho, kwa hiyo unaweza kuchomoa, kutembea na treni, na kuchomeka tena mbele.